Wadudu wa Mto Wanapofika Maabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali tunayoulizwa na wakulima, walimu, wanafunzi na wanachama wa vyama vya watumiaji maji kutoka Njoro, Nakuru, Kisumu na vijito vya Magharibi mwa Kenya, wanapotuletea chupa za wadudu au wanapotukuta mtoni tukiwa na nyavu. Pale ambapo jibu fupi lingepotosha, tumejibu kwa urefu.

Kwani wadudu watanieleza nini ambacho chupa ya maji haitanieleza?

Chupa ya maji hueleza hali ya mto wakati ule ulipoichota. Mtu akimwaga maji taka usiku wa manane nawe ukaja kuchota saa tatu asubuhi, uchafu ule umeshateremka zamani na kipimo kitasema mto ni mzima. Wadudu hawana pa kukimbilia. Wanaishi chini ya mawe wiki baada ya wiki, wengine miezi kadhaa, na lolote linalopita linawapitia wao: joto, tope, upungufu wa oksijeni, dawa ya shambani iliyosombwa na mvua. Wanaoweza kustahimili hubaki, wasioweza hutoweka. Tukiwahesabu waliobaki na kuwajua waliokosekana, tunapata habari za siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa mtoni na chupa.

Hata hivyo wadudu hawataji jina la sumu. Watakuonyesha kwamba kati ya daraja hili na lile kuna jambo lililoharibika, lakini kama ni mbolea, sabuni, kinyesi cha mifugo au kemikali ya kiwandani, hilo utalijua kwa vipimo vya maji na kwa kutembea ukingoni ukiangalia. Anayekuuzia wadudu peke yao kama jibu la kila kitu anakuzidishia, na anayewadharau anakupunja.

Ni viumbe gani hasa mnaowachunguza?

Ni viumbe wasio na uti wa mgongo wanaoonekana kwa macho na wanaoishi kwenye sakafu ya mto: juu ya mawe, ndani ya changarawe, kwenye majani yanayooza na kwenye mizizi ya ukingoni. Kwa kazi yetu ni wale wanaonaswa na wavu wenye matundu ya nusu milimita.

Wengi ni wadudu ambao utoto wao wote hupita majini, kisha huota mabawa na kuruka. Efemeroptera wana matamvua kando ya tumbo na mara nyingi mikia mitatu. Plekoptera wana mikia miwili, na kila mguu unaishia kwenye makucha mawili. Trikoptera wengi hujijengea vijumba vya mchanga au vya vipande vya majani, na hukaa humo kama hawapo. Makundi hayo matatu kwa pamoja huitwa EPT kwa herufi zao za mwanzo, na kwa kawaida ndiyo ya kwanza kupungua mto ukichafuka. Kisha kuna tunutu wa kereng'ende, mbawakawa na kunguni wa majini, mabuu ya usubi na ya nzi wengine. Wasio wadudu nao wamo: kaa, konokono, ruba, minyoo.

Nimeona viminyoo vyekundu kwenye tope. Je, mto wetu umekufa?

Si lazima. Huenda ulichoona ni mabuu ya familia ya Chironomidae, nzi wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu wao ni himoglobini, inayowasaidia kuishi mahali ambapo oksijeni ni haba. Wako karibu katika kila mto, hata juu msituni Mau, kwa hiyo kuwaona tu si habari. Habari iko kwenye uwiano. Wakiwa ndio sehemu kubwa ya sampuli, na waliobaki ni minyoo ya tope, viluwiluwi vya mbu na konokono wanaopanda juu kuvuta hewa, hapo tunajua oksijeni ya majini imekwisha au inakwisha mara kwa mara. Wakiwa wachache katikati ya efemeroptera na mbawakawa wa aina nyingi, wanafanya kazi yao tu.

Alama za Ulaya za kupima uchafu kwa kutumia wadudu zinafaa mito yetu?

Zinafaa kuanzia, hazifai kumalizia, na hili ndilo swali tunalotamani kila mwanafunzi aulize kabla ya kuandika pendekezo lake la utafiti.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walieleza mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi viumbe wa majini wanavyojipanga kadiri uchafu unaooza unavyozidi au kupungua. Baadaye Uingereza ikatunga mfumo wa BMWP, unaoipa kila familia alama kati ya 1 na 10, alama kubwa zikienda kwa wale wasiovumilia uchafu. Marekani ikapata fahirisi ya Hilsenhoff, ambayo inakwenda kinyume: 0 ni maji safi na 10 ni maji machafu. Usizichanganye mbili hizo katika jedwali moja.

Shida inaanzia kwa plekoptera. Ulaya na Amerika Kaskazini wana familia nyingi za wadudu hawa, na mizani yao imejengwa ikiwategemea. Huku kwetu Afrika Mashariki karibu plekoptera wote ni wa jenasi moja tu, Neoperla. Kijito cha Kenya chenye maji safi kabisa kitakupa aina moja ya plekoptera, au kisikupe hata mmoja, na mizani ya Ulaya itakiadhibu kwa kosa lisilo lake. Ndiyo maana tunaegemea mifumo iliyozaliwa barani. Afrika Kusini wana SASS, ambayo toleo lake la 5 lilichapishwa mwaka 2002 na linatoa alama 1 hadi 15. Tanzania imeirekebisha ikawa TARISS, Zambia ikawa ZISS. Hapa Kenya, Masese, Raburu na Muchiri walichapisha mwaka 2009 fahirisi ya awali kwa ajili ya Mto Moiben, katika bonde la Ziwa Viktoria. Fahirisi ya namna hiyo haisimami juu ya alama moja. Inaunganisha vipimo kadhaa, kama vile idadi ya aina, sehemu ya EPT katika sampuli, na uwiano wa wanaovumilia uchafu, kisha inavilinganisha na hali ya mahali ambapo mto haujaguswa sana.

Tuchukue mfano wa kufundishia, usio wa mto wowote. Juu ya kijiji tumepata familia saba: Heptageniidae (efemeroptera) yenye alama 13 katika SASS5, Perlidae (ndimo alimo Neoperla) 12, Leptophlebiidae (efemeroptera pia) 9, Elmidae (mbawakawa) 8, usubi 5, kaa 3 na Chironomidae 2. Jumla ni 52. Ukigawa kwa saba unapata wastani wa 7.4. Chini ya kijiji tumepata familia sita: usubi 5, ruba 3, konokono wa Physidae 3, Chironomidae 2, viluwiluwi vya mbu 1 na minyoo 1. Jumla ni 15, wastani 2.5. Idadi ya makundi imepungua kwa moja tu, na mtu anayehesabu aina peke yake angesema mto haukubadilika sana. Wastani ndio unaofichua kwamba wakazi wengine wamehama na wengine wameingia. Tena wastani hautikisiki sana mmoja wetu akivua kwa bidii kuliko mwenzake, ilhali jumla hupanda kila unapoongeza dakika za kuvua.

Basi mto unaolinganishwa nao unatoka wapi?

Hapo ndipo kazi yetu ilipo ngumu kuliko hadubini. Kwa vijito vya juu jibu ni rahisi kidogo: unapanda hadi penye msitu wa asili, Mau, Cherangani, Mlima Elgon au Kakamega, ukachukua sampuli mahali ambapo hakuna shamba wala zizi juu yake. Lakini Mto Njoro unaanza katika miteremko ya mashariki ya Mau, juu ya mita 2,500, na unaishia Ziwa Nakuru kwenye mita zipatazo 1,760. Huko chini maji ni ya moto zaidi, yana tope zaidi kwa asili yake, na mawe ni machache. Hata kama hakuna mtu aliyekaa ukingoni, wadudu wa Ronda, huko chini karibu na Ziwa Nakuru, wasingefanana na wadudu wa msituni. Kuulaumu mto wa chini kwa kukosa wadudu wa juu ni kuuonea.

Tungependa kuulinganisha na mto mwingine wa tambarare ulio mzima. Mito ya aina hiyo imekuwa adimu, kwa sababu tambarare ndiko watu tulikojenga na kulima. Kwa hiyo mara nyingi tunalinganisha eneo na eneo jirani lenye mwinuko na sakafu vinavyokaribiana, au eneo hilohilo mwaka huu na miaka ijayo. Chama cha watumiaji maji kinachopima mahali palepale kila kiangazi, kwa njia ileile, kitajua mengi kuhusu mto wake kuliko mtafiti aliyepita mara moja na vifaa vya bei.

Nichukue sampuli lini, na wapi?

Wakati maji yametulia. Kwa Nakuru, kiangazi cha Januari hadi mapema Machi hufaa. Nyanda za juu za Magharibi mvua hunyesha kwa muda mrefu zaidi, kuanzia Aprili hadi Agosti, kwa hiyo panga kwa kuangalia mto wenyewe. Mafuriko yakipita, subiri wiki mbili au zaidi. Maji ya nguvu hugeuza mawe na kuwasomba wadudu wote, wazuri na wabaya, nawe ukivua siku ya pili utaandika kwamba mto ni mchafu kumbe umeoshwa.

Kama unashuku chanzo fulani, chukua sampuli juu yake na chini yake siku ileile. Chagua pande zote mbili mahali panapofanana: kama juu ulivua penye mawe na maji ya kasi, usiende chini ukavue kwenye kidimbwi cha tope. Makosa mengi tunayoyaona katika sampuli za kuletwa ni ya aina hii, na hakuna hadubini inayoweza kuyarekebisha. Anza eneo la chini, kisha panda, ili tope unalovuruga lisiingie mahali ambapo bado hujavua.

Wavu wenye mpini unatosha. Uweke mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, simama mbele yake, vuruga mawe kwa miguu kwa muda uliopanga, na muda huo usiubadilishe kutoka eneo hadi eneo. Anayetaka idadi kwa kila mita ya mraba atumie wavu wa Surber, wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 inayolazwa kwenye sakafu ya mto, na arudie mara tatu au zaidi kila mahali, kwani mawe mawili yaliyopakana yanaweza kuwa na wakazi tofauti kabisa.

Naweza kuileta sampuli mwenyewe?

Ndiyo, na tunafurahi ukifanya hivyo. Toa mawe makubwa baada ya kuyasugua ndani ya beseni, mwaga maji kupitia wavu, halafu weka kilichobaki kwenye chupa ya mdomo mpana. Usijaze zaidi ya nusu. Ongeza ethanoli ya asilimia 95 hadi ifunike kila kitu. Maji yaliyomo ndani ya majani na miili ya wadudu yataipunguza nguvu, kwa hiyo baada ya siku moja imwage kupitia wavu na uweke mpya ya asilimia 70 hadi 80. Ukisahau hatua hii, matumbo hulegea, matamvua hukatika, na matamvua ndiyo tunayoyategemea kutofautisha familia.

Spiriti ya dukani huwa na viambato vingine. Itumie ukikosa kabisa, na utuambie. Fomalini tunakuomba uiache: ni hatari kwa mapafu na macho na inahusishwa na saratani.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka njiani. Andika jina la mto, mahali (vipimo vya GPS vya simu vinatosha), tarehe, saa, aina ya wavu, muda uliovua na jina lako. Chupa isiyo na lebo hatuwezi kuisaidia hata kama ina wadudu wa ajabu.

Ikishafika, mnaifanya nini?

Kwanza tunaisajili: namba, nani ameileta, hali yake ikoje. Kisha tunaiosha juu ya chekeche la nusu milimita, mahali penye hewa ya kutosha kwa sababu ya mvuke. Kila jani na kila kijiti kinaoshwa peke yake, kinaangaliwa pande zote mbili na kutolewa.

Kilichobaki kinatandazwa sawasawa kwenye trei iliyogawanywa miraba 30. Sampuli ya mto wenye rutuba nyingi inaweza kuwa na maelfu ya wadudu, na kuwahesabu wote ni kumaliza juma bila kujifunza jambo jipya. Tunachagua miraba kwa kura, tunachambua kila mraba uliochaguliwa mpaka uishe, na tunaendelea hadi tufikie idadi tuliyopanga, mara nyingi 200 au 300. Mraba wa mwisho hauachwi katikati hata kama idadi imeshapita. Ukiacha katikati, utakuwa umechukua wakubwa wanaoonekana upesi na kuwaacha wadogo. Baadaye tunapitia trei nzima kwa macho kutafuta wakubwa na wa nadra, kama kaa au kereng'ende, ambao huenda hawakuangukia miraba ya kura. Hao huandikwa mbali.

Kuchambua ni kama kuchagua mchele kwenye ungo: mkono hujifunza upesi, jicho huchukua muda. Chini ya hadubini inayokuza mara 10, mgeni huona mchanga na majani tu. Baada ya muda anaanza kuona kwamba kipande kile cha kijiti kina kichwa, maana ni kijumba cha trikoptera, na kwamba punje ile ya mchanga ina miguu sita. Wanaorukwa zaidi ni wadogo wa rangi ya tope: mabuu ya Elmidae, Caenidae (efemeroptera) wachanga, minyoo myembamba. Kwa sababu hiyo haturuhusu mtu mmoja kuchambua kutwa nzima. Macho yaliyochoka huufanya mto uonekane maskini kuliko ulivyo.

Tunahesabu mwenye kichwa tu. Mwili bila kichwa hauhesabiwi, la sivyo mdudu mmoja aliyekatika atakuwa wawili. Makombe matupu ya konokono, magamba yaliyovuliwa na siafu walioanguka kutoka kwenye mti navyo haviingii.

Mwisho ni utambuzi, kwa ukuzaji wa mara 40 au zaidi. Tunafuata ufunguo, yaani orodha ya maswali ya utambuzi, swali kwa swali. Matamvua yako wapi, na yana umbo gani? Mwili ni bapa na macho yako juu ya kichwa, kama Heptageniidae, au ni wa mviringo kama Baetidae, familia nyingine ya efemeroptera? Kama mteja ameomba Chironomidae watambuliwe zaidi ya familia, vichwa vyao vinasafishwa kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, vinawekwa kwenye slaidi, na meno ya mdomoni yanasomwa chini ya hadubini ya nguvu kubwa. Ni kazi ya subira, na gharama yake ni mbali.

Kwa nini mnaishia kwenye familia badala ya spishi?

Kwa sababu ya ukweli. Spishi nyingi za Afrika Mashariki zimeelezwa kwa wadudu wazima wenye mabawa, na hakuna aliyekwisha kuunganisha mtoto wa majini na mzazi wake. Funguo nyingi tunazotumia zilitungwa kusini mwa Afrika. Kuandika jina la spishi bila uhakika kunapendeza kwenye ripoti lakini kunadanganya.

Familia nayo ina kasoro zake, na Baetidae ndio mfano mkubwa. Ndani ya familia hiyo wamo wanaovumilia uchafu na wasiovumilia. SASS imelitambua jambo hilo: ukipata aina moja tu ya Baetidae unaipa alama 4, aina mbili 6, zaidi ya mbili 12. Kwa hiyo hata pale ambapo hatuna jina, tunazitenga aina kwa sura na kuzihesabu.

Vipi kuhusu DNA?

Inakuja, na itasaidia sana kuunganisha watoto na wazazi. Lakini kipande cha DNA kinahitaji maktaba ya kulinganishwa nayo, na rafu za Afrika kwenye maktaba hiyo bado ni nyepesi. Ukitaka kuacha mlango wazi, hifadhi sampuli kwenye ethanoli ya asilimia 95 na mahali pa baridi, usiiguse fomalini.

Nitajuaje kwamba hamkukosea?

Mabaki ya kila sampuli iliyochambuliwa hayatupwi. Sampuli moja katika kila kumi hurudiwa na mtu mwingine, naye akikuta kwamba mchambuaji wa kwanza aliacha zaidi ya asilimia 10 ya wadudu, kundi zima la sampuli hizo linarudiwa. Utambuzi nao hupitiwa vivyo hivyo na mtu wa pili asiyeona majibu ya kwanza. Kwa kila familia tuna kielelezo kwenye kichupa, ili atakayebisha aje aone kwa macho yake.

Uliza swali hili katika maabara yoyote utakayopeleka sampuli. Maabara inayotupa mabaki siku ileile haina namna ya kukuthibitishia lolote.

Inachukua muda gani?

Sampuli ya kijito cha mawe safi huweza kuisha kwa saa chache. Ya mto wa tope na mwani huweza kula siku nzima au zaidi. Tungeomba usipange mkutano wa kijiji kabla hatujaiona chupa.

Wadudu wazuri wakiwepo, maji ni salama kunywa?

Hapana! Tafadhali lishike hili hata ukisahau mengine yote. Neoperla haoni tofauti kati ya maji yenye bakteria wa kuharisha na yasiyo nao, mradi oksijeni ipo na tope si jingi. Ng'ombe mmoja aliyekufa juu ya kijito cha msituni anatosha kukuletea ugonjwa huku wadudu wakiendelea kustawi. Maji ya kunywa yapimwe E. koli, bakteria wa kinyesi, na yachemshwe au yatiwe dawa. Vilevile konokono wa jenasi Biomphalaria na Bulinus, ambao tunawaona mara nyingi kwenye maji yanayotulia karibu na ziwa upande wa Kisumu, wanaweza kubeba kichocho. Tukiwakuta tunakuambia, ili watoto wasioge hapo.

Usubi ni wengi mtoni kwetu. Tuogope upofu?

Kwa Kenya, la. Magharibi mwa Kenya na Nyanza ziliwahi kuteswa na ugonjwa wa upofu unaoenezwa na usubi wa aina ya Simulium neavei. Kwa miaka mingi watu waliyatafuta mabuu yake kwenye mawe na majani bila kuyapata, mpaka Van Someren na McMahon waliporipoti mwaka 1950 kwamba yanaishi yamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kampeni ya kutia DDT mitoni, iliyoendeshwa miaka ya 1940 na 1950, ilimtokomeza usubi huyo nchini. Usubi unaowaona leo ni wa aina nyingine. Mabuu yao huchuja chembe majini, na yakizidi ghafla mara nyingi inamaanisha kuna chakula kingi kinachoelea kutoka juu. Ukituletea kaa, tunamkagua mwili mzima kabla ya kumweka kwenye chupa, kwa heshima ya historia hiyo na kwa tahadhari.

Mikaratusi ya ukingoni inahusu nini wadudu?

Inahusu sana. Katika vijito vyenye kivuli, chakula kikubwa ni majani yanayoanguka. Kuna viumbe wanaoyakatakata, na vipande vidogo wanavyoviacha huwalisha wachujaji na wakusanyaji wa chini. Mwaka 2002 Dobson na wenzake, akiwemo Mathooko wa Egerton, waliandika kwamba wakataji majani ni haba katika vijito vya nyanda za juu za Kenya. Mwaka 2014 Masese na wenzake wakaonyesha kwamba wako wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Tofauti kubwa ilitokana na kufungua matumbo na kutazama kilichomo, badala ya kukisia ulaji kutokana na jedwali la Ulaya. Tumbo lenye vipande vya majani halisemi uongo.

Jani la mkaratusi ni gumu na lina mafuta, na wakataji wengi hulikwepa mpaka lioze sana. Ukingo wote ukiwa mikaratusi, majani yapo tele lakini meza ni tupu. Tunapotoa ushauri tunasema: rudisha miti ya kienyeji karibu na maji, na mikaratusi ibaki mbali na ukingo.

Shule yetu haina hadubini. Tufanyeje?

Tumieni miniSASS, iliyotungwa Afrika Kusini kwa ajili ya watu wa kawaida. Ina makundi 13 tu yanayotambulika kwa macho na kioo cha kukuzia. Mnahitaji wavu, trei nyeupe na mwalimu asiyeogopa kulowa. Wadudu wanarudishwa mtoni wakiwa hai. Mkiona mabadiliko makubwa, hapo ndipo mtuletee chupa.

Sehemu ya mto wetu hukauka kila mwaka. Mnaipima vipi?

Kwa uangalifu. Sehemu za chini za Mto Njoro hukauka kiangazi, na maji yakirudi, wanaofika mwanzo ni wenye mabawa na wanaokua upesi, Chironomidae na baadhi ya Baetidae. Ukiwapima wiki ya kwanza utasoma ukame na kuuita uchafuzi. Tunasubiri maji yatiririke kwa wiki kadhaa, na tunaandika kwenye ripoti mara ya mwisho mto ulipokauka. Kwa hiyo tunawahitaji nyinyi mnaokaa hapo. Hakuna anayejua siku mto ulipokatika kuliko mama anayechota maji au kijana wa mkokoteni wa punda.

Ripoti yenu inaweza kupelekwa kwa wakuu?

Inaweza, na imeandikwa ili isomeke. Ila fahamuni kwamba Kanuni za Ubora wa Maji zinategemea viwango vya kemikali na bakteria, kwa hiyo wadudu peke yao hawatoshi kumshtaki mtu. Wanachofanya ni kuonyesha mahali penyewe tatizo linapoanzia, ili Mamlaka ya Rasilimali za Maji au NEMA, mamlaka ya mazingira, wajue wapi pa kuchukua maji ya kupima. Chama cha watumiaji maji, ambacho kinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, kikipeleka ripoti kwa jina lake kinasikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja.

Ninahitaji kibali?

Kwa utafiti, ndiyo: leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru au mbuga nyingine yoyote, ruhusa ya Shirika la Wanyamapori pia. Ukikusudia kupeleka vielelezo nje ya nchi kuna vibali vingine, na uanze kuviomba mapema.

Sampuli zangu mnazipeleka wapi baadaye?

Wadudu waliotambuliwa hukaa kwenye vichupa vyenye lebo, kwa mpangilio wa mto na mwaka, na ethanoli huongezwa inapopungua. Ni zako. Ukizitaka, njoo na namba uliyopewa siku ya kusajili. Usipozitaka tunazitunza, na mwanafunzi au mtafiti anayetaka kuzipitia upya anaruhusiwa, mradi aandike aliyezikusanya na azirudishe zote alivyozikuta.